Tusimcheke Mwenye Aliondoka



Siku ya posho iliyopita, kisha kengele ya kulala, niliandika majina 11 kwenye karatasi ya makelele. Wenye majina hayo wanajijua. Jambo lenye lilileta makelele halikuwa mpira, halikuwa chakula, halikuwa deni la sabuni. Lilikuwa Tante Vivian. Wamoja walisema: "Tante Vivian wa kweli ni ule wa kwanza, ule mkali, mwenye kujua kucheza dansi." Wengine wakajibu: "Wapi! Ule wa pili ndiye mama wa nyumba, anaongea polepole." Mtu mmoja akarusha mto. Mto ukaangusha taa. Mwalimu wa zamu akaingia, na wote wakajifanya wamelala.

Ilifaa niandike jina la 12, lakini hilo la 12 ni langu mwenyewe, sababu nilikuwa ninapiga kelele kushinda wote. Kwa hiyo ninaandika hapa katika gazeti, mahali pasipo kengele, nipate kusema yenye niliwaza tangu ile usiku. Ninaona kwamba swali letu lilikuwa baya. Tuliuliza nani ni wa kweli. Ilifaa tuulize juu gani wako wawili, na juu gani tulicheka.

Kwa wale wenye hawajui, nieleze kwa ufupi. Ile filimu yenye mwalimu wetu mmoja alituletea kwa flashi inaitwa kwa kifaransa Le Prince de Bel-Air. Ni mchezo wa kuchekesha wa televizio ya Marekani. Shirika la NBC lilianza kuuonyesha tarehe 10 Septemba 1990, ukaisha tarehe 20 Mei 1996. Vipande vyake ni 148. Kijana mmoja wa Philadelphia, jina lake Will, anapatana na shida na vijana wabaya wa mtaa wao. Mama yake anaogopa, anamtuma akae kwa dada yake huko Bel-Air, mtaa wa matajiri wa Los Angeles. Mume wa huyo dada ni Philip Banks, avoka, kisha juji. Wana watoto watatu, Hilary na Carlton na Ashley, na mtumishi mmoja anaitwa Geoffrey. Huyo dada ya mama ndiye Vivian. Wafaransa wanasema "tante", lakini sisi hapa tunajua vizuri: dada ya mama yako ni mama yako. Mama mdogo ama mama mkubwa, lakini mama.

Wengine wanasema kujua habari za wachezaji ni kupoteza wakati, zaidi kwetu sisi wa mwaka wa mwisho wenye kungojea egzamen ya Serikali. Mimi sikubali yote. Mtu mwenye kujua namna kitu kilitengenezwa anakiona vizuri zaidi. Tuchukue Will Smith. Wakati walipomchagua alikuwa na miaka 21, na hakuwa mchezaji. Alikuwa mwimbaji wa rap pamoja na rafiki yake Jeff Townes. Katika mwaka 1989 wao wawili walipata Grammy ya kwanza yenye ilitolewa kwa muziki wa rap. Lakini feza ilimaliza kutawanyika, na serikali ilikuwa inamdai kodi nyingi. Will mwenyewe alisimulia namna Quincy Jones, mpiga muziki mkubwa, alimwambia ajaribu mchezo palepale nyumbani kwake, mbele ya wageni wa sikukuu yake ya kuzaliwa. Will akaomba wiki moja ya kujitayarisha. Quincy akamwambia achukue dakika kumi. Ile usiku mkataba ukaandikwa.

Ndiyo sababu, kama mkitazama vipande vya mwaka wa kwanza, mtaona jambo la kuchekesha. Wakati wenzake wanasema, midomo ya Will inatembea. Alikuwa na woga wa kukosea, akajifunza mchezo mzima kwa kichwa, maneno yake na maneno ya wengine, na midomo ikakataa kunyamaza. Sawa mtoto wa mwaka wa kwanza mwenye kusoma shairi na kusaidia jirani yake bila kuombwa. Mbele yake walikuwa watu wenye kujua kazi. James Avery, mwenye kuwa Philip Banks, alikuwa mtu wa jukwaa, na mbele ya hapo alitumika katika jeshi la maji la Marekani wakati wa vita ya Vietnam. Joseph Marcell, mwenye kuwa Geoffrey, alizaliwa katika kisiwa cha Saint Lucia na akacheza Shakespeare huko Uingereza pamoja na Royal Shakespeare Company. Kumbe mtumishi wa nyumba ndiye alikuwa mmoja wa waalimu wa jukwaa pale ndani!

Alfonso Ribeiro naye, mwenye kuwa Carlton, alimpa Will shauri moja la akili. Alimwambia: tumia jina lako mwenyewe katika mchezo, sababu watu watakuita hilo jina maisha yako yote. Will alisikia. Alfonso mwenyewe hakufanya vile, na hata leo watu wanamwomba kwa njia acheze ile dansi ya Carlton ya kutupa mikono. Ile dansi alisema aliiba kidogo kwa Courteney Cox, msichana mwenye kucheza katika filimu fupi ya wimbo wa Bruce Springsteen wa mwaka 1984, na kidogo kwa Eddie Murphy.

Sasa nifike kwa mizaha ya ndani. Ninaita mzaha wa ndani ule wenye wachezaji wanafanya sawa kukonyeza jicho, kusema: ninyi na sisi tunajua kwamba huu ni mchezo tu. Ule mchezo umejaa mizaha hiyo. Siku moja Will anauliza, kama wao ni matajiri namna hii, juu gani nyumba yao haina dari. Kamera inapanda juu, tunaona taa na vyuma vya studio. Siku ingine, mwishoni mwa mwaka wa 4, Will anaamua kubaki Philadelphia. Basi mwaka wa 5 unaanza, watu wa NBC wanakuja na gari, wanamkamata, wanamrudisha kwa nguvu, sababu jina la mchezo ni Bel-Air, si Philadelphia. Na Jazz je? Jazz ni yule Jeff Townes, rafiki yake wa kweli. Kila mara Philip Banks anamtupa inje ya mlango, anaruka sawa gunia la mihogo. Walipiga picha ya kumtupa, kisha wakaitumia tena na tena. Kwa hiyo ukiona Jazz ameingia amevaa ile shati yake ya marembo, unajua tayari mwisho wake. Sisi tulikuwa tunahesabu mbele ya kuruka: moja, mbili, tatu!

Katika kipande cha mwisho kabisa, nyumba inauzwa. Wanunuzi wenye kuja kuitazama wanatoka katika michezo mingine ya zamani. Anakuja Gary Coleman na Conrad Bain wa Diff'rent Strokes, mchezo wa mtoto mweusi maskini mwenye kulelewa na mzungu tajiri. Wanakuja Sherman Hemsley na Isabel Sanford wa The Jeffersons, mchezo ulioanza mwaka 1975 juu ya familia ya watu weusi wenye kutajirika kwa kazi ya kufua nguo. Hao wa Jefferson ndio wanainunua nyumba. Mwenye hajui anaona wazee wawili wenye kubishana. Mwenye kujua anaona mtoto anarudisha ufunguo kwa wazazi wake, sababu bila wale Jefferson, NBC isingethubutu kuonyesha akina Banks. Huo ni mzaha mzuri, na una heshima ndani.

Mtaona kwamba katika mizaha hii yote, wachezaji wanajicheka wao wenyewe. Wanacheka studio yao, mabwana wao wa NBC, na Jazz mwenye kuwa pale pale na kulipwa kwa kutupwa kwake. Mtu mwenye kuchekwa ako ndani ya chumba, anacheka pamoja nao.

Lakini kuna mmoja wenye hauko vile, na ndio ule tulicheka kushinda yote. Mwaka wa 4 unaanza, Septemba 1993. Vivian anaingia na mtoto mchanga, na sura si ile ya zamani. Hakuna mtu wa nyumba mwenye kushangaa. Kisha Jazz anamtazama, anamwambia kwamba tangu alipozaa, kitu fulani kimebadilika kwake. Will anageuka, anatutazama sisi ndani ya kamera. Ni hayo tu. Chumba cha kulia kizima kilianguka kwa kicheko, na mimi nilipiga meza mpaka sahani zikaruka.

Basi tusikie habari ya ule wa kwanza. Anaitwa Janet Hubert. Katika mwaka wa 3 alikuwa na mimba ya kweli, na juu ya hiyo wakampa Vivian mimba katika mchezo, ndipo Nicky akazaliwa. Ule mtoto wenye tunamwona mikononi mwa mwingine alianza katika mwili wake. Wakati wa mkataba mpya, sawa vile alieleza yeye mwenyewe, walitaka kumpa kazi kidogo zaidi na kumkataza asitafute kazi pengine. Nyumbani alikuwa na mtoto mchanga na ndoa yenye taabu. Alikataa ule mkataba, na nafasi yake ikapewa Daphne Maxwell Reid. Will, mwenye alikuwa kijana bado na jina kubwa, alisema maneno makali juu yake mbele ya watu. Ikasikilika kwamba yeye ni mwanamke mgumu, hawezi kufanya kazi na watu. Kwa mwanamke mweusi katika kazi ile, jina hilo lilimfungia milango. Yeye naye alirudisha maneno makali miaka mingi. Sisemi alikuwa malaika.

Walikaa miaka 27 bila kuzungumza. Katika mwaka 2020 wachezaji walikusanyika tena kwa ajili ya ukumbusho, na kipindi kikaonyeshwa mwezi wa Novemba. James Avery hakuwako, alikufa tarehe 31 Desemba 2013. Lakini Janet Hubert alikuja. Aliketi mbele ya Will, wao wawili, akamwambia yote: mimba, ndoa, mkataba, kazi yenye ilipotea. Will alikubali kwamba wakati ule hakuwa na macho ya kuona taabu yake. Kisha Janet akaingia mahali walipokuwa wengine, na wale Tante Vivian wawili wakakumbatiana. Watu wazima wenye nywele nyeupe walilia. Wakubwa wetu walisema, mzaha mzaha hutumbuka usaha. Usaha huu ulikaa miaka 27.

Sisemi ule mzaha wa Jazz ndio uliharibu maisha yake. Hapana. Kilichomwumiza ni kazi na jina lake kuchafuliwa. Lakini ule mzaha ulitufundisha sisi watazamaji kuona kuondoka kwa mtu sawa jambo la kuchekesha, na kisha kicheko hatukuuliza tena: alienda wapi?

Mtaniuliza, hayo yanatuhusu nini sisi hapa? Nitasema, na ninajisemea mimi kwanza.

Wote mnakumbuka mchezo wetu wa mwaka huu, ule wa mama mwenye kuuza ndizi. Mwenye kucheza mama alikuwa dada yetu mmoja wa mwaka wa 4. Alicheza vizuri mpaka mpishi wetu alitoka jikoni kumtazama. Alienda nyumbani kwa likizo ya Noeli, na hakurudi. Feza ya masomo ilitosha mtoto mmoja tu, na katika familia yao waliamua abaki mdogo wake, sababu ni mvulana. Mwezi wa pili tulipaswa kucheza tena mbele ya wazazi. Tuliweka msichana mwingine, mrefu kidogo. Mimi, mwenye kuandika mchezo, niliona nifanye sawa Wamarekani. Niliongeza neno moja kwa mtoto wa mchezo: "Mama, tangu utoke sokoni umerefuka!" Na kijana wetu akageuka, akawatazama ninyi, akakonyeza jicho.

Mlicheka sana. Nilisimama nyuma ya pazia nikijisifu. Lakini kwa tundu la pazia niliona benchi ya tatu, na mdogo wake alikuwa ameketi pale. Alitazama mikono yake.

Kesho yake alikuja kwangu. Nilidhani atalalamika. Hakulalamika. Aliniuliza kama anaweza kuchukua daftari lenye dada yake aliandika maneno ya mama kwa mkono wake, akamrudishie nyumbani. Nilimjibu, "Hapana, tunalitumia bado." Niliona ni jibu la mkubwa wa wanafunzi. Leo ninaona haya.

Nimekwisha kusikia yenye mtanijibu. Wengine watasema: ni mzaha tu, tukikataza mizaha yote tutakaa sawa kwenye matanga. Mimi sikatazi. Tuchekeni taa yetu yenye kuzima katikati ya sala, tuchekeni mabati yenye kuvuja, nichekeni mimi na karatasi yangu ya makelele. Ninasema tu: mbele ya kutupa mzaha, tazama kama mwenyewe ako ndani ya chumba. Kama aliondoka kwa kupenda, vema. Kama aliondoka juu alifukuzwa, ama juu ya feza, ama juu ya ugonjwa, basi huo mzaha unamfungia mlango mara ya pili.

Wengine watasema: basi ule msichana mrefu amekosa nini? Hakukosa kitu. Daphne Maxwell Reid naye hakukosa. Alipewa kazi, akaifanya vizuri miaka 3. Sisi katika chumba cha kulala tulikuwa tunawapiganisha wanawake wawili wasiogombana, sababu ni rahisi kuwalinganisha kuliko kuuliza nani aliwaweka pale. Mwenye kuchukua nafasi anabeba mzigo pia. Kila siku anasikia habari ya mwenye alimtangulia. Tumsaidie kwa kumpongeza yeye kwa kazi yake, si kwa kumpima na kivuli.

Mimi ninaomba mambo matatu kwa siku ya kufunga masomo, wakati tutacheza tena. La kwanza, lile neno la kurefuka nimekwisha kulikata, msilingojee. La pili, mwisho wa mchezo tusome kwa sauti majina ya wote wenye walicheza mwaka huu, hata wenye hawako tena, na tuseme nani alianza kuwa mama. La tatu ninawaomba walimu na wazazi wenye kusoma gazeti hili: kama kuna njia ya dada yetu kurudi mwezi wa tisa, muizungumze pamoja na wakubwa wa masomo na wazazi wake. Mimi ni mwanafunzi, sijui mambo ya feza ya masomo. Lakini ninajua kiti chake kiko wapi.

Tena, usiku wa siku ya nne nilikaa na taa nikaandika upya maneno yote ya mama katika daftari jipya, kurasa 14, kwa ajili ya msichana wetu wa sasa. Daftari la zamani niliweka ndani ya bahasha, nikampa mdogo wake. Alilipokea kwa mikono miwili. Hakusema neno, na mimi pia nilikosa la kusema.

Kuhusu wale 11: azabu yenu inabaki. Siku ya posho saa 12 asubuhi mtafagia chumba cha kulala na mtanunua kioo cha taa. Mtanikuta pale na ufagio wangu. Wa 12.

Ni mimi ndugu yenu,
Mkubwa wa wanafunzi, mwaka wa mwisho.